Kipima-hewa cha mkononi: miezi kumi na moja, daftari moja

Mimi ni mhasibu, si daktari wala fundi mitambo, kwa hiyo anayetaka uchambuzi wa vyuma na nyaya atafute kwingine. Nilinunua kipima-hewa hiki, kidude cha kupima uchafu wa hewa, kwa sababu mwanangu wa miaka minane ana pumu, na kwa sababu ubishi wa nyumbani ulikuwa umenichosha. Mume wangu alishikilia kwamba tatizo ni moshi wa magari ya njia panda iliyo chini ya dirisha letu. Mama mkwe akashikilia kwamba ni ubaridi wa sakafu na mtoto asiyependa soksi. Mimi nilikuwa na bahasha iliyojaa risiti za dawa, na sikuwa na cha kuandika upande wa pili wa kitabu. Mhasibu akikaa na upande mmoja wa hesabu hapati usingizi.

Jina la kampuni silitaji. Vipima-hewa vya bei ya chini vinavyouzwa mtandaoni vinafanana kama mapacha: ganda hili jeupe, lile jeusi, ndani kihisi ni cha aina moja. Nitakayosema, mazuri na mabaya, yachukue kuwa ni ya ukoo mzima.

Chenyewe kina ukubwa wa kipande cha sabuni ya kufulia. Mbele kuna kioo chenye namba kubwa inayobadilika rangi, ubavuni matundu ya kuingizia hewa, nyuma tundu la kuchajia. Ukikisogeza sikioni unasikia feni ikilia kwa sauti nyembamba, kama mbu aliyenasa ndani ya neti. Usiku wa kwanza sauti hiyo ilinikera mpaka nikakifungia kwenye droo. Kulipokucha nikagundua nimepima hewa ya soksi kwa saa nane.

Kinavyofanya kazi si siri. Feni inavuta hewa na kuipitisha mbele ya mwali wa leza. Chembe ikikatiza, mwanga unatawanyika. Jicho dogo la pembeni linahesabu mimweko. Kisha programu inakisia: mimweko kiasi hiki, basi maikrogramu kadhaa kwa kila mita ya ujazo. Neno ni hilo, kukisia. Kwa njia ya zamani ya maabara, hewa hupitishwa kwenye kichujio, na kichujio hupimwa kwenye mzani kabla na baada. Kidude changu hakina mzani. Kinaona mwanga tu, na kinachukulia kwamba vumbi lako linafanana na vumbi alilolitumia aliyekitengeneza.

Namba kubwa ni ya PM2.5, yaani chembe zenye kipenyo cha maikromita 2.5 kushuka chini. Unywele wa kichwani una kama 50 hadi 70. Chembe ndogo namna hiyo pua haizizuii wala kikohozi hakizitoi. Zinashuka mpaka kwenye vifuko vya hewa vya mwisho kabisa mapafuni, na zilizo ndogo zaidi hupenya hadi kwenye damu. Ndiyo maana wanaohesabu madhara yake hawaishii kwenye pumu, wanahesabu pia kiharusi, mshtuko wa moyo na saratani ya mapafu. Mwaka 2013 taasisi ya utafiti wa saratani iliyo chini ya Shirika la Afya Duniani (WHO) iliiweka hewa chafu ya nje kwenye kundi la vitu vilivyothibitika kusababisha saratani kwa binadamu, kundi moja na moshi wa sigara.

Wiki ya kwanza nilikuwa kama mtoto aliyepewa filimbi. Nilipima ndani ya basi, kwenye lifti, chini ya kitanda, mlangoni kwa shule. Jibu la kwanza lilimuaibisha mume wangu: namba kubwa kuliko zote wiki ile haikutoka barabarani. Ilitoka jikoni kwetu, mafuta yalipoanza kufuka kwenye kikaango. Ilisoma 412, na dakika arobaini baadaye chumba cha mtoto kilikuwa bado kwenye 90. "Mwanangu, si nilisema si magari?" mama mkwe akaniambia, ingawa soksi nazo hazikuwemo. Tukaanza kufunga mlango wa jikoni wakati wa kupika na kufungua dirisha la nyuma, na kilele kile kikaisha. Kwa hilo peke yake kidude kilirudisha pesa yake.

Kasoro kubwa ni unyevu. Asubuhi moja ya ukungu kilisoma 187 kwenye roshani. Nikamzuia mtoto kwenda shule, nikaomba ruhusa kazini, nikafunga madirisha yote, tukakaa tunachora. Saa nne jua likatoka, ukungu ukayeyuka, namba ikashuka hadi 31 bila gari hata moja kupungua barabarani. Hewa ikilowa, chembe hufyonza maji na kuvimba, na matone ya ukungu nayo yanapita mbele ya leza yakijifanya vumbi. Vituo rasmi hukausha hewa kabla ya kuipima; changu hakikaushi kitu. Niliwaandikia wauzaji mara tatu kuuliza kama programu yao ya simu inaweza kurekebisha hilo. Nilijibiwa mara moja, kwa ujumbe wa kunishukuru kwa kununua. Siku ile iliyopotea ipo kwenye daftari langu, safu ya saa za kazi, na pembeni nimeandika "kosa la kipimo", maana hasara ya kipimo kibovu nayo ni hasara.

Baada ya hapo sikukiamini tena mpaka nikipeleke kwa mkubwa wake. Mwendo wa dakika ishirini kutoka kwetu kuna kituo rasmi cha kupimia hewa, kijumba cha bati chenye bomba linalochungulia juu ya paa, na namba zake za kila saa hutangazwa wazi. Nilikwenda Jumamosi tatu. Nilikaa nje ya uzio na kidude magotini, saa tatu kila safari, nikiandika kila dakika kumi. Mlinzi alinitazama muda mrefu kabla ya kuuliza, "Mama, hiyo ni simu au ni redio?" Nilipomweleza akacheka, akasema yeye amelinda kile kijumba miaka minne na hajawahi kujua ndani kuna nini. Akaniletea kiti. Jumamosi mbili za ukavu namba zangu zilitofautiana na za kituo kwa moja au mbili katika kila kumi. Ile ya tatu kulikuwa kumenyesha alfajiri, changu kikapita juu kwa karibu nusu. Tangu siku hiyo, unyevu ukizidi asilimia 80 sinukuu kitu. Naandika mstari tu. Anayekusudia kununua afanye hivi kabla ya jambo jingine lolote, maana bila kukilinganisha utakuwa na taa ya rangi yenye kelele.

Na hizo rangi, usiziamini. Changu kinawaka kijani hadi 35. Nilihangaika kujua 35 imetoka wapi, nikaikuta: ndiyo mwisho wa daraja la kwanza kwenye jedwali la ubora wa hewa la China la mwaka 2012, kwa wastani wa siku. Kwenye jedwali la Marekani kijani kiliishia 12, na mwaka 2024 wakakishusha hadi 9. WHO mwaka 2021 walisema wastani wa mwaka usizidi 5 na wa siku usizidi 15. Kabla ya hapo, tangu 2005, walikuwa kwenye 10 na 25. Kwa hiyo kioo kinaweza kukutabasamia kwa kijani kibichi huku ukipumua mara saba ya kiwango cha mwaka cha WHO. Mtoto alikuwa akiamka anaangalia rangi: "Mama, leo kijani, naweza kukimbia!" Nikaweka kipande cha plasta juu ya taa. Tunasoma namba.

Mengine kwa haraka. Betri inadumu saa nne, halafu kinabaki mtumwa wa soketi. Namba ya PM10, ya vumbi kubwa zaidi, ni ya kujazia kioo tu: siku moja nilichora mstari kwa kidole juu ya meza ya roshani, kidole kikatoka cheusi, na kidude kinasema 41. Gesi hakizioni kabisa. Dioksidi ya nitrojeni inayotoka kwenye injini za dizeli, ambayo inaichokoza pumu vibaya sana, inapita ndani yake kama mgeni asiyeitwa jina. Mwezi wa tisa feni ilianza kukwaruza; nilipulizia hewa kwenye matundu, kikatoka kibunda cha manyoya ya vumbi, ikatulia. Vihisi vya aina hii vingi hupewa umri wa kama saa 8,000 za kuwaka, ambazo hazifiki mwaka ukikiacha kinakimbia usiku na mchana. Mimi nakizima mchana tukiwa hatupo.

Sasa daftari, ambalo halimo kwenye boksi na ndilo lililonifanya niandike haya yote.

Ni daftari la kawaida la hesabu. Safu ya kwanza tarehe. Ya pili wastani wa PM2.5 chumbani kwa mtoto, kuanzia saa tatu usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi. Ya tatu mibonyezo ya inhela ya bluu, ile ya kutuliza. Ya nne siku ya shule iliyopotea. Ya tano saa za kazi nilizopoteza mimi, ya sita za mume wangu. Ya saba safari za hospitali. Ya nane niliiandika "mengineyo", kama tunavyofanya kazini kwa vitu visivyo na fungu, nikidhani itabaki tupu.

Kwa miezi kumi na moja: siku 23 za shule, saa zangu 61, saa za mume wangu 34, safari tano za hospitali usiku, na moja kati ya hizo mtoto akalazwa siku mbili. Inhela sita. Nilipopiga bei ya saa zetu kwa mishahara yetu wenyewe na kuziweka kando ya zile risiti, dawa na vipimo havikufika robo ya jumla. Miaka yote tulikuwa tukisema "pumu ni ghali" tukimaanisha duka la dawa, kumbe duka la dawa ndilo lililokuwa sehemu ndogo.

Na safu ya nane haikubaki tupu. Nainukuu ilivyo: "Baba kalala kitini." "Hakucheza mpira, kakaa na makoti ya wenzake." "Mtihani wa hesabu, kasinzia." "Nimemkaripia bure." "Dada yake anasema humu ndani mpaka mtu akohoe ndiyo asikilizwe." Huyo dada ana miaka kumi na miwili. Sentensi yake niliandika kwa kalamu nyekundu, nikakaa nayo, na nimeshindwa mpaka leo kuijua inaingia fungu gani.

Je, namba na kikohozi vinakwenda pamoja? Mwanzoni nilidhani haviendi. Usiku wa 50 mtoto analala fofofo, usiku wa 20 anabonyeza inhela mara sita. Nikakaribia kumpa mama mkwe ushindi. Halafu nikafanya jambo ambalo nalifanya kazini malipo yanapochelewa kuingia: nikaisogeza safu ya mibonyezo siku mbili nyuma. Zikaanza kufuatana. Hazikushikana mikono, lakini zilitembea njia moja. Nisiongeze chumvi, safari tatu kati ya zile tano za hospitali zilianza na mafua yaliyotoka shuleni, na mafua hayasomeki kwenye leza. Mtoto mmoja hathibitishi kitu.

Wataalamu nao wanalijua hilo, ndiyo sababu wanahesabu miji mizima. London mwezi Desemba 1952, ukungu wa moshi wa makaa ulipotanda kwa siku tano, kilichofichua ukubwa wa msiba ni rejista za vifo: zilihesabiwa, zikalinganishwa na kawaida ya majira yale, ikaonekana ziada ya watu kama 4,000. Waliorudia hesabu miaka ya baadaye, wakijumlisha na miezi iliyofuata, wakaifikisha kama 12,000. Hakuna cheti kilichoandikwa "moshi". Viliandikwa moyo, viliandikwa mkamba. Moshi uliishi kwenye tofauti kati ya namba mbili.

Hesabu ninayoipenda zaidi ni ya bonde la Utah, Marekani. Kiwanda kikubwa cha chuma kilifungwa kuanzia Agosti 1986 kwa miezi kumi na mitatu, kwa mgogoro wa wafanyakazi, kisha kikafunguliwa tena. Mchumi C. Arden Pope akachukua rejista za hospitali na kulinganisha majira ya baridi ya kiwanda kikiwaka na kikiwa kimezimwa. Watoto waliolazwa kwa mkamba, pumu na magonjwa kama hayo walikuwa mara mbili hadi tatu kiwanda kilipokuwa kikifanya kazi. Alichapisha mwaka 1989. Hakupima pafu hata moja. Alikuwa na vitabu viwili na tarehe.

Nasi tulipata kiwanda chetu kidogo kilichozimwa. Mwezi wa saba wa daftari, barabara ya chini yetu ilifungwa siku 19 kuchimbua mabomba, mabasi yote yakahamishiwa mtaa wa pili. Wastani wa usiku ulishuka kutoka 38 hadi 24. Roshani ilijaa udongo kuliko wakati wowote, lakini udongo ule ni mkubwa, na namba ya chembe ndogo iliendelea kushuka. Mibonyezo ya inhela ilikuwa imezoea kuwa kumi na mbili kwa wiki; wiki ya pili ya kufungwa ikawa saba, ya tatu ikawa nne. Siku ya ishirini mabasi yakarudi. Wiki moja na nusu baadaye tulikuwa kwenye kumi na moja. Mume wangu hakusema kitu, alinichukulia daftari tu mkononi, akafungua kurasa zile tatu, akamsomea mama yake kwa sauti. Mama mkwe akasikiliza mpaka mwisho, akasema, "Na wale wa mtaa wa pili?"

Swali hilo ndilo lililonitoa kwenye hesabu ya nyumba moja.

Benki ya Dunia ilikadiria kwamba madhara ya kiafya ya PM2.5 yaligharimu dola trilioni 8.1 kwa mwaka 2019, sawa na asilimia 6.1 ya pato la dunia nzima. Mhasibu akiona namba kama hiyo anauliza risiti ziko wapi. Sehemu kubwa yake haina risiti. Mbali na matibabu na siku za kazi, wachumi wanaingiza kiasi ambacho watu wangekuwa tayari kutoa ili kupunguza hatari ndogo ya kufa, kisha wanazidisha na idadi ya vifo. WHO inakadiria hewa ya nje pekee ilisababisha vifo milioni 4.2 vya mapema mwaka huo huo. Njia yenyewe siidharau, kwa sababu ukihesabu dawa na mishahara pekee, mzee aliyestaafu akifa unapata sifuri, na hiyo ni hesabu ya aibu. Ila ina mwiba wake. Kiasi mtu alicho tayari kutoa kinategemea alichonacho, kwa hiyo pafu la maskini linaandikwa bei ndogo kuliko la tajiri, ingawa linafanya kazi ileile. Mwenye daftari la jumla anaweza kusema kwa dhati kabisa kwamba ni nafuu mabasi yahamie mtaa wa pili.

Fundi cherehani aliye chini ya jengo letu hukaa na mlango wazi kutwa nzima, mita tatu kutoka mabasi yanapopiga injini yakisubiri abiria. Nilimwazima kidude siku nne. Wastani wake wa mchana ulikuwa karibu mara mbili ya wetu wa ghorofa ya tatu, na basi likiondoka mbele ya mlango namba ilikuwa ikiruka kupita 150 na kushuka tena kabla hajamaliza pindo moja. "Mama, mimi nilijua," akaniambia. "Nyuzi nyeupe haziishi wiki hapa bila kubadilika rangi." Amekuwa na kipimo muda wote, na kimekuwa sahihi kuliko changu kwa PM10.

Kinachonifanya nisikitupe kidude pamoja na kasoro zake zote ni hiki. Ella Adoo-Kissi-Debrah alifariki London mwezi Februari 2013 akiwa na miaka tisa. Alikuwa na pumu kali, aliishi karibu na barabara kuu yenye msongamano, alikuwa amelazwa zaidi ya mara 20 katika miaka yake mitatu ya mwisho. Uchunguzi wa kwanza haukutaja uchafuzi wa hewa. Mama yake, Rosamund, hakuacha. Profesa Stephen Holgate alizichukua tarehe za kulazwa kwa mtoto na kuziweka kando ya vipimo vya vituo vya hewa vya karibu, na Desemba 2020 mchunguzi wa vifo Philip Barlow akaandika uchafuzi wa hewa miongoni mwa sababu za kifo, mara ya kwanza nchini Uingereza. Safu mbili, tarehe na tarehe. Nilisoma habari hiyo usiku, nikaamka kwenda kuangalia kama nimejaza safu ya siku ile.

Tulibadilisha nini? Kitanda cha mtoto kimehamia chumba cha nyuma. Pale wastani ni chini kwa nane au tisa. Madirisha tunafungua kuanzia katikati ya asubuhi hadi alasiri, hewa inapochanganyika, si alfajiri kama nilivyozoea nikidhani ndiyo safi. Usiku uliotulia huubana moshi chini kama kifuniko cha sufuria. Kwenda shule tunapita uchochoro wa nyuma, unaongeza dakika sita na kupunguza namba karibu nusu. Mlangoni kwa shule niliwaonyesha wazazi wawili watatu kioo, mabomba ya magari yao yakiwa wazi usoni pa watoto. Wengine wanazima injini sasa, mmoja aliniambia nina kazi gani. Nilitaka pia kununua mashine ya kusafisha hewa, lakini hiyo ina uchambuzi wake.

Kama huna kitu unachoweza kubadilisha, si kitanda, si dirisha, si njia, usinunue. Utapata namba ya kukutisha usiku. Kama unacho hata kimoja, nunua chenye uwezo wa kuhifadhi namba za kila saa, maana vingine huonyesha na kusahau, na hicho cha kusahau hakina faida kwa mwenye daftari. Angalia pia kama kinaonyesha unyevu. Nakipa nyota tatu kati ya tano. Nyota ya nne wauzaji waliipoteza kwa ule ujumbe wa shukrani, ya tano kwa kijani chao.

Kwa sasa hakipo kwangu. Kiko juu ya kabati la nyuzi la fundi, kimechomekwa soketi moja na pasi. Alikiomba mwezi mzima, na nikampa pamoja na daftari jipya nililolipiga mistari mwenyewe. Jana nilipopita kuchukua sare ya shule nililifungua. Safu ya pili ameandika 71. Safu ya tatu, ambayo kwangu ni inhela, ameifuta na kuandika juu yake "kikohozi", na chini yake kuna vistari vya kuhesabia, vitano vitano, kama anavyohesabu vifungo.